Hungaria 1956: kwa nini wafanyakazi waliasi dola iliyojiita yao

Sehemu ya mwisho ya Budapest kusalimu amri mbele ya vifaru vya Kisovieti, Novemba 1956, haikuwa mtaa wa mabwanyenye. Ilikuwa Csepel, eneo la viwanda kusini mwa jiji, ngome ya wakomunisti tangu kabla ya vita, mahali ambapo watu walipaita Csepel Nyekundu. Kiwanda kikubwa cha vyuma cha hapo kilibeba jina la Mátyás Rákosi, aliyekuwa kiongozi wa chama. Mafundi mitambo na wachomeleaji wa kiwanda hicho, watu walioambiwa na kila hotuba na kila bango kwamba nchi ni mali yao, walipigana hadi tarehe 11, wiki nzima baada ya serikali kuangushwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili habari hii ina fundo lake. Sisi Umoja wa Kisovieti tuliujua kwa upande mwingine: silaha na mafunzo kwa wapigania uhuru wa FRELIMO na ANC, nafasi za masomo Moscow, kura dhidi ya makaburu katika Umoja wa Mataifa. Yote hayo yalitokea kweli, na waliosaidiwa wana haki ya kushukuru. Ndiyo maana ukimwambia mzee wa rika fulani kwamba liko taifa Ulaya lililouona Umoja huohuo kama mkoloni, atashuku kwamba umemeza propaganda za mabeberu. Si propaganda. Nchini Hungaria ukandamizaji wa ndani na utawala wa kigeni havikuwa mambo mawili yaliyokutana kwa bahati mbaya. Kimoja kilikuwa nguzo ya kingine, na kila mara mkono wa jeshi la kigeni ulipolegea, mfumo wa ndani uliporomoka kwa kasi iliyowashangaza hata wapinzani wake.

Bendera kwa mfungwa

Majeshi ya wageni hayakuanza 1945. Mwaka 1526 Wahungaria walishindwa na Waosmani huko Mohács, na sehemu kubwa ya nchi ikakaa chini ya Waturuki kwa karibu miaka 150. Kisha ikaja zamu ya wafalme wa Habsburg kutoka Vienna. Tarehe 15 Machi 1848 vijana wa Pest, leo sehemu ya Budapest, mshairi Sándor Petőfi akiwa mstari wa mbele, walichapisha madai 12, la kwanza likiwa uhuru wa magazeti. Vita vya uhuru vilivyofuata chini ya Lajos Kossuth vilikuwa na dalili za kufanikiwa, mpaka mfalme wa Austria alipoomba msaada wa Tsar Nicholas wa Kwanza. Jeshi la Urusi likaingia 1849 na kuvimaliza. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo majemadari 13 waliuawa mjini Arad. Tarehe hizo mbili, 15 Machi na 6 Oktoba, kila mtoto wa shule wa Hungaria anazijua.

Rákosi mwenyewe anaingia katika habari hii kupitia mwaka huo wa 1849, kwa njia ya ajabu. Chini ya utawala wa Miklós Horthy, mtawala wa mrengo wa kulia kati ya vita viwili vya dunia, alikaa gerezani miaka 15 na zaidi kwa sababu ya ukomunisti wake. Mwaka 1940 aliachiliwa aende Moscow, na Wasovieti wakalipa kwa kurudisha bendera za vikosi vya Hungaria ambazo jeshi la Tsar liliziteka 1849. Serikali ya Horthy ilipokea vitambaa vitukufu vya taifa kwa shangwe. Stalin akampata mtu ambaye, baada ya miaka mitano, angerudi kuitawala nchi ileile nyuma ya Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti.

Kuhusu kurudi huko lazima isemwe kweli yote. Horthy aliifunga Hungaria kwenye mkokoteni wa Hitler. Kati ya Mei na Julai 1944, baada ya Wajerumani kuingia, Wayahudi zaidi ya 430,000 walipakiwa kwenye mabehewa, wengi wao kwenda Auschwitz, na waliowakusanya na kuwapakia walikuwa askari wa Hungaria. Jeshi Jekundu lilipofika kwenye geto la Budapest, Januari 1945, lilikuta makumi ya maelfu ya watu wanaokaribia kufa kwa njaa na risasi. Kwao lile lilikuwa jeshi la uhai. Majira yaleyale ya baridi, mitaa michache tu kutoka hapo, wanajeshi hao walibaka wanawake kwa wingi, na raia waliokamatwa barabarani walipelekwa kazi za kulazimishwa Urusi, wengi hawakurudi. Mjadala wa leo huko Hungaria umejaa watu wanaosimulia nusu moja na kuinyamazia nyingine. Sioni mtu anavyoweza kuielewa nchi hiyo bila kuzishika nusu zote mbili.

Kutoka asilimia 17 hadi nchi nzima

Tarehe 4 Novemba 1945 ulifanyika uchaguzi huru. Chama cha Wakulima Wadogo kilipata asilimia 57 ya kura. Wakomunisti walipata 17. Kwingineko hesabu ingeishia hapo. Lakini juu ya serikali kulikuwa na Tume ya Udhibiti ya Washirika walioshinda vita, chini ya Kliment Voroshilov wa Jeshi Jekundu, nayo ilishikilia iundwe serikali ya mseto na Wizara ya Mambo ya Ndani wapewe wakomunisti. Wizara hiyo ndiyo iliyoshika polisi.

Rákosi baadaye alijisifu kwamba wapinzani aliwamaliza kama mtu anayekata soseji ya salami, kipande baada ya kipande. Chama cha Wakulima Wadogo kilitakiwa kwanza kifukuze mrengo wake wa kulia. Kilipotii, waliokuwa katikati wakaitwa ndio mrengo wa kulia, nao wakatakiwa kuondoka. Katibu mkuu wake, Béla Kovács, alikuwa mbunge, na bunge lilikataa kumvua kinga yake. Basi Februari 1947 Wasovieti wenyewe wakamkamata na kumpeleka kwao. Mei mwaka huohuo waziri mkuu Ferenc Nagy, akiwa mapumzikoni Uswisi, aliambiwa ajiuzulu asirudi. Mtoto wake mdogo alikuwa amebaki Hungaria. Alitia saini, akaletewa mtoto.

Agosti 1947 ukaja uchaguzi mwingine. Safari hii zilitolewa kadi za buluu za kumwezesha mtu kupiga kura nje ya mahali anapoishi, na malori ya wafuasi wa chama yakazunguka kijiji hadi kijiji, watu walewale wakipiga kura mara nyingi. Hata kwa wizi huo wakomunisti hawakuvuka asilimia 22 na ushei. Mwaka 1948 wakakimeza chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia, na 1949 wapiga kura wakapewa orodha moja tu. Chama kilishika hatamu za nchi nzima bila kushinda uchaguzi huru hata mmoja.

Haya nayasisitiza kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba nchi za Ulaya Mashariki "zilichagua" ukomunisti. Kulikuwa na wakomunisti wa kweli, tena wengi wenye moyo safi, hasa kati ya walioteswa na mafashisti. Ugawaji wa ardhi wa 1945, uliozipa mashamba familia zaidi ya 600,000, ulipendwa, na waziri aliyeusimamia, mkomunisti aitwaye Imre Nagy, alikumbukwa nao. Kupendwa huko kungeweza kujenga chama chenye mizizi. Rákosi hakukingoja kikue.

Hofu

Barabara ya Andrássy ni ya fahari, yenye miti na majumba ya karne ya 19. Nyumba namba 60 ilikuwa makao ya mafashisti wa Msalaba wa Mishale. Mwaka 1945 polisi wa siri wa wakomunisti walihamia humohumo, wakatumia vyumba vilevile vya chini. Chombo chao kilikuja kujulikana kwa herufi ÁVH. Kilikuwa na watoa habari kila kiwandani, kila ofisini, kila jengo la kupanga.

Kardinali József Mindszenty alikamatwa siku moja baada ya Krismasi ya 1948 na kufungwa maisha. Mwaka 1951 maelfu ya familia za Budapest zilizotajwa kuwa za tabaka adui zilipewa ilani, zikaacha nyumba zao na mizigo michache, na kupelekwa vijijini kuishi katika vibanda na mazizi. Kwenye machimbo ya mawe ya Recsk, kambi iliyofichwa milimani, wafungwa wasiofikishwa mbele ya hakimu yeyote walivunja mawe kuanzia 1950 hadi 1953.

Mkulima alikuwa na jehanamu yake. Kila shamba lilipangiwa kiwango cha nafaka cha kuwasilisha serikalini, na kiwango kilipanda kila mwaka hata mvua ziliponyima. Ukipungukiwa, wakaguzi walipanda darini, mahali ambapo familia za huko huhifadhi nafaka, wakafagia hadi punje ya mbegu. Nguruwe wa kuchinjwa majira ya baridi, ambaye kwa familia ya kijijini Hungaria ni sherehe na ni kitoweo cha nusu mwaka, alihitaji kibali, na sehemu ya mafuta yake ilikuwa ya serikali. Aliyechinja kwa siri alifungwa. Mwenye ekari chache zaidi ya jirani yake aliandikwa kulaki, adui wa watu.

Kisha chama kikaanza kujila. László Rajk, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani na kusaidia kuijenga mashine yenyewe, alikamatwa Mei 1949 kwa shtaka la kubuni kwamba ni jasusi wa Tito, kiongozi wa Yugoslavia, na wa nchi za Magharibi. Rafiki yake János Kádár, aliyemrithi wizarani, alikwenda gerezani kumshawishi akiri kwa maslahi ya chama. Rajk alikiri mahakamani, akanyongwa Oktoba 1949. Mwaka 1951 zamu ya Kádár ikafika: akakamatwa, akahukumiwa, akatoka 1954. Mkumbuke mtu huyu. Alishajua pande zote mbili za mlango wa seli kabla historia haijamuita tena.

Alama za ugeni zilikuwa kila mahali. Nembo ya taifa iliondolewa, ikawekwa nyingine yenye nyundo, suke la ngano na nyota nyekundu. Wanajeshi walivishwa sare za mtindo wa Kisovieti. Kirusi kikawa somo la lazima. Tarehe 15 Machi, siku ya 1848, ikafanywa siku ya kazi. Urani ya milima ya Mecsek ilichimbwa kwa masharti ambayo umma haukuambiwa. Katika bustani ya jiji, mahali palipobomolewa kanisa, ilisimamishwa sanamu kubwa ya shaba ya Stalin.

Na jeshi lenyewe? Hapa pana jambo la kisheria ambalo wengi hulipita. Mkataba wa amani wa 1947 uliwaruhusu Wasovieti kubaki Hungaria kwa kusudi moja: kulinda njia za kwenda kwa vikosi vyao vilivyokuwa Austria. Tarehe 15 Mei 1955 ulisainiwa mkataba wa kuiacha Austria huru, na vikosi vyote vya kigeni vikatakiwa kuondoka huko. Sababu ya kukaa Hungaria ikawa imekufa. Lakini siku moja kabla, tarehe 14 Mei, ulikuwa umesainiwa Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa Wasovieti na nchi walizozishika, nao ukawa sababu mpya. Wahungaria waliona jirani yao, waliyeishi naye dola moja hadi 1918, akitangaza kutofungamana na upande wowote na kuagana na majeshi ya kigeni. Wazo la kwamba nasi tunaweza halikuwa ndoto ya wendawazimu. Lilikuwa ng'ambo ya mpaka tu, likionekana kwa macho.

Oktoba

Stalin alikufa Machi 1953. Moscow ikamlazimisha Rákosi ampishe Imre Nagy kwenye uwaziri mkuu. Kambi za kizuizini zikafungwa, viwango vya wakulima vikapunguzwa. Mwaka 1955 Nagy akaondolewa, milango ikafungwa tena. Ni vigumu kuwarudisha watu kwenye hofu wakishaonja nafuu. Februari 1956 Khrushchev, kiongozi mpya wa Kisovieti, aliyafichua makosa ya Stalin. Julai Rákosi akang'olewa, akapelekwa Urusi, na kiti chake akapewa Ernő Gerő, mtu wa ukoo uleule wa kisiasa. Mjane wa Rajk alidai mumewe azikwe kwa heshima. Mazishi yakafanyika tarehe 6 Oktoba, siku ya majemadari wa Arad, na umati mkubwa sana ukapita kimya mbele ya jeneza. Kwa mara ya kwanza watu walionana walivyo wengi.

Tarehe 22 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi, Budapest, waliandika madai 16. Jeshi la Kisovieti liondoke. Uchaguzi huru wa vyama vingi. Nagy arudi. Siku ya 15 Machi irudishwe, na nembo ya Kossuth. Kesho yake waliandamana hadi kwenye sanamu ya Józef Bem, jemadari wa Poland aliyepigana upande wa Hungaria 1849, kuwaunga mkono Wapoland waliokuwa wakivutana na Moscow wiki hiyohiyo. Viwanda vilipotoa watu jioni, maandamano ya wanafunzi yakawa ya jiji zima.

Nembo ya nyundo ilikatwa kutoka katikati ya bendera kwa mkasi na kisu cha jikoni, na bendera yenye tundu ikawa bendera ya mapinduzi. Mbele ya bunge Nagy alianza hotuba kwa kuwaita "makomredi", umati ukamzomea. Mafundi walileta mitungi ya kuchomelea wakaikata sanamu ya Stalin magotini. Alianguka, buti zikabaki juu ya jukwaa. Kwenye jengo la redio, barabara ya Bródy Sándor, vijana walitaka madai yao yasomwe hewani. ÁVH wakafyatua risasi. Kabla hakujapambazuka vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimeshaingia mjini.

Waliopambana navyo walikuwa vibarua, mafundi wanagenzi, wanafunzi, wengi hawajafika miaka 20. Ngome yao kuu ilikuwa Corvin, na mahali hapo panaonyesha jinsi raia wanavyoweza kukabiliana na chuma. Jumba la sinema limekaa katikati, limezungukwa na majengo marefu kama ukuta wa duara, na njia za kuingilia ni vichochoro ambavyo kifaru hakipiti. Nje kuna barabara kuu mbili ambazo vifaru vilipaswa kuzitumia. Nyuma ya sinema kulikuwa na pampu ya petroli. Vijana walijaza chupa, wakasokota vitambaa, wakarusha kutoka madirishani, kisha wakayeyukia ndani ya ua.

Tarehe 28 silaha zilinyamazishwa. Chama chenye wanachama zaidi ya 800,000 kilikuwa kimetoweka: hakikuvunjwa kwa sheria, watu walikiacha tu kama nguo isiyo yao. Tarehe 30 Nagy alitangaza kurudi kwa vyama vingi. Siku hiyohiyo, kwenye uwanja wa Köztársaság, baada ya mapigano ya kuyateka makao ya chama cha jiji, umati uliwaua na kuwadhalilisha watu waliojisalimisha, baadhi yao askari vijana wa kuandikishwa. Lilikuwa tendo la aibu, na picha zake zilitumiwa na serikali kwa miaka 30 kuelezea mapinduzi yote.

Uamuzi wa Moscow na kelele za Suez

Tarehe 30 viongozi wa Kisovieti walikuwa wamekubaliana waondoe vikosi Budapest na kujadiliana. Tarehe 31 wakageuka. Kumbukumbu za vikao vyao, zilizofunguliwa baada ya 1991, zinaonyesha walivyojadili: kuiacha Hungaria kungeonekana udhaifu, na saa zilezile Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeanza kuipiga Misri mabomu kwa ajili ya Mfereji wa Suez. Khrushchev hakutaka kupoteza pande zote mbili. Marekani nayo ilikuwa imeshasema hadharani, kwa kinywa cha waziri wake John Foster Dulles, kwamba haizihesabu nchi hizo kuwa washirika wa kijeshi. Redio zilizogharamiwa nayo ziliendelea kuwatia moyo wapiganaji kana kwamba msaada unakuja. Hakukuwa na msaada wowote uliopangwa. Huo ni mzigo wa dhamiri ambao Magharibi haijautua.

Tarehe 1 Novemba, vikosi vipya vikiwa vinavuka mpaka na balozi wa Kisovieti Yuri Andropov akikana, Nagy alitangaza kwamba Hungaria inajitoa Mkataba wa Warsaw na haifungamani na upande wowote. Jioni hiyo Kádár, aliyekuwa waziri wake, alitoweka. Alikuwa amechukuliwa kwenda Moscow kuundiwa serikali. Tarehe 3 waziri wa ulinzi, Pál Maléter, alikwenda kambi ya Tököl kujadili ratiba ya Wasovieti kuondoka, akakamatwa mezani. Alfajiri ya tarehe 4 mashambulizi yakaanza. Nagy alilihutubia taifa redioni, kisha akakimbilia ubalozi wa Yugoslavia.

Kule New York Umoja wa Kisovieti ulipiga veto kwenye Baraza la Usalama. Baraza Kuu likalaani uvamizi kwa kura 50 dhidi ya 8, nchi 15 zikijizuia, India ikiwamo. Waafrika wa wakati huo walikuwa na sababu ya kusikiliza kwa sikio moja. Uingereza iliyokuwa ikilalamikia uhuru wa Wahungaria ilikuwa inaishambulia Misri, na tarehe 21 Oktoba, siku mbili kabla ya maandamano ya Budapest, ilikuwa imemkamata Dedan Kimathi akiwa na jeraha la risasi, huku maelfu ya Wakenya wakiwa kwenye kambi za kizuizini. Unafiki huo haukuifanya damu ya Budapest kuwa nyepesi. Na nchi moja ya Afrika ililiona hilo: Tunisia, iliyopata uhuru Machi 1956, ilikaa kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya nchi tano iliyowahoji mashahidi zaidi ya 100. Ripoti yake ya 1957 ilisema wazi kwamba yale yalikuwa mapinduzi ya wananchi wenyewe.

Bunduki zilipokwisha

Wahungaria wapatao 2,500 waliuawa, na wanajeshi wa Kisovieti karibu 700. Watu wapatao 200,000 walivuka kwenda Austria na Yugoslavia, yaani takriban wawili katika kila 100. Lakini upinzani haukuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote. Kila kiwanda kilikuwa kimechagua baraza la wafanyakazi. Tarehe 14 Novemba mabaraza hayo yaliunda Baraza Kuu la Wafanyakazi la Budapest, na punde mwenyekiti wake akawa Sándor Rácz, fundi wa vifaa mwenye miaka 23. Hawakudai viwanda virudishiwe matajiri. Walitaka viwanda vibaki mali ya umma, visimamiwe na wanaofanya kazi humo, na Wasovieti waondoke. Kádár, aliyekuwa na vifaru lakini chama chake kipya Desemba kikiwa na wanachama chini ya 40,000, alilazimika kukaa na kijana huyo na kujadiliana. Alipowakamata viongozi wa baraza hilo tarehe 11 Desemba, nchi ilikuwa katika mgomo wa saa 48.

Ndani ya jengo la bunge, lililokwisha kuzungukwa, waziri mmoja tu wa Nagy alibaki: msomi István Bibó. Alikaa mbele ya taipureta, akaandika tamko kwa taifa na kwa dunia, hadi tarehe 6 Novemba alipotoka. Alihukumiwa kifungo cha maisha.

Kisasi kilichukua miaka. Zaidi ya watu 200 walinyongwa kwa kushiriki, wengi wao wafanyakazi vijana. Péter Mansfeld alikuwa na miaka 15 wakati wa mapigano; alinyongwa Machi 1959, siku chache baada ya kutimiza 18. Nagy alitolewa ubalozini kwa hati ya usalama iliyoandikwa na Kádár, akatekwa mlangoni, akapelekwa Romania. Angeweza kuokoka kwa kujiuzulu na kukiri makosa. Alikataa, na mahakamani hakuomba huruma. Alinyongwa tarehe 16 Juni 1958 pamoja na Maléter na mwandishi wa habari Miklós Gimes. Mwili wake ulifungwa kwa karatasi ya lami na waya. Ulipohamishiwa kiwanja namba 301, pembe ya mbali ya makaburi ya jiji, uliandikishwa kwa jina la kubuni la mwanamke.

Kádár na maafikiano ya kimya

Mtu huyohuyo aliyewanyonga ndiye aliyetawala miaka 32, na wapo Wahungaria wanaomkumbuka kwa wema. Ni rahisi kuwalaumu, afadhali kueleza. Mwaka 1963 alitoa msamaha kwa wafungwa wengi wa 1956. Alisema asiyetupinga yuko nasi, akageuza msemo wa Rákosi. Kuanzia 1968 viwanda na vyama vya ushirika vikapewa nafasi ya kuamua bei na uzalishaji. Maduka yakawa na nyama, watu wakajenga vibanda vya mapumziko ziwa Balaton, na mara moja kwa miaka mitatu mtu aliweza kusafiri Magharibi. Kwa malipo hayo walitakiwa kunyamaza kuhusu mambo mawili: kilichotokea 1956, na wanajeshi wa Kisovieti waliokuwa bado kambini. Watoa habari waliendelea kuandika ripoti. Agosti 1968 jeshi la Hungaria lenyewe lilipelekwa kuivamia Chekoslovakia.

Maafikiano hayo yalidumu muda wa deni na hofu kudumu. Mikopo kutoka Magharibi iliyogharamia maisha hayo ikawa mzigo, na Gorbachev, kiongozi mpya wa Kisovieti, akaonyesha kwamba hatatuma vifaru. Mei 1988 Kádár aliondolewa. Januari 1989 Imre Pozsgay, kiongozi wa chama, alisema redioni kwamba 1956 yalikuwa maasi ya wananchi. Uhalali wote wa utawala ulitegemea kuiita hujuma, kwa hiyo sentensi hiyo moja iliutoboa. Tarehe 16 Juni Nagy na wenzake walizikwa upya kutoka Uwanja wa Mashujaa. Majeneza yalikuwa sita, la sita tupu, kwa ajili ya wasiojulikana. Kádár alifariki tarehe 6 Julai, siku ambayo mahakama kuu ilikuwa ikimsafisha Nagy. Septemba Hungaria ikawafungulia Wajerumani Mashariki mpaka wa Austria, tarehe 23 Oktoba ikatangazwa jamhuri, na Juni 1991 mwanajeshi wa mwisho wa Kisovieti akavuka kituo cha Záhony.

Katika mazishi yale ya 1989 kijana wa miaka 26, Viktor Orbán, alisimama akadai Wasovieti waondoke. Akiwa waziri mkuu, Desemba 2018, sanamu ya Nagy iliyosimama karibu na bunge iliondolewa, ikahamishiwa uwanja wa Jászai Mari kando ya mto Danube, na pale ilipokuwa pakawekwa mnara wa wahanga wa utawala mfupi wa wakomunisti wa 1919. Mrengo wa kulia unaona shida kumtukuza mkomunisti. Mrengo wa kushoto unaona shida kueleza aliyemuua. Wafanyakazi wa mabaraza, waliotaka ujamaa bila wakoloni, hawana chama kinachowadai.

Mafaili ya polisi wa siri nayo hayajamaliza kazi yake. Ujerumani ilifungua ya Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, mapema kwa sheria ya 1991. Hungaria iliyafungua kwa sehemu, kwa kuchelewa, na majina mengi ya watoa habari yakabaki kufunikwa, hivyo yakawa silaha ya yeyote anayeweza kuyachomoa kwa wakati anaoutaka. Mwaka 2002, wiki chache baada ya Péter Medgyessy kuapishwa kuwa waziri mkuu, gazeti lilichapisha hati zinazoonyesha kwamba alikuwa afisa wa siri wa upelelezi miaka ya nyuma, kwa namba D-209. Alikiri, akasema alikuwa akiilinda nchi dhidi ya majasusi wa Moscow, na akabaki madarakani hadi 2004.